Namna ya kutafuta pengwini wa Antaktika kwa foto za sateliti ukiwa hapa Goma

Pengwini kaizari, yule mkubwa kuliko pengwini wote, anaishi Antaktika tu, na wewe uko Himbi ao Katindo ao Ndosho, faranga ya ndege haiko, meli ya utafiti haiko. Lakini unaweza kumtafuta, na kazi utakayofanya ni kazi ya kweli sawa ile wataalamu wenyewe wanafanyaka, na kinachofanya iwezekane ni mavi yake.

Nieleze kidogo juu bila kuelewa hapa hutaelewa mengine. Hawa ndege wanaanza kukusanyika kwa maelfu karibu mwezi wa ine, wakati kule baridi inaingia, wanasimama juu ya bahari yenyewe iliyoganda, wanazalia hapo hapo juu ya barafu, dume anashikilia yai moja juu ya miguu yake karibu siku 65 bila kula kitu, watoto wanatotolewa mwezi wa saba na wa munane, kisha wanalelewa pale pale mpaka mwezi wa kumi na mbili njo wanaingia majini. Miezi yote hiyo maelfu ya ndege wako fasi moja wanakunya juu ya kitu cheupe pepe. Barafu inageuka kahawia, na lile doa linaonekana toka angani, kwenye sateliti iliyo karibu kilometa 786 juu yetu. Pengwini mwenyewe haonekani, doa njo linaonekana.

Peter Fretwell na Phil Trathan wa British Antarctic Survey, shirika la Uingereza la utafiti wa Antaktika lililo Cambridge, njo walionyesha hii kwa bara nzima mwaka 2009, wakitumia foto za Landsat, sateliti za Marekani. Mwaka 2012 wakahesabu kwa foto zenye kuona vizuri zaidi wakapata makundi 46 na karibu jozi 238,000, mwaka 2020 hesabu ya makundi ikafika 61, na mwaka 2023 wakatangaza kundi moja jipya fasi inaitwa Verleger Point, na pamoja na mengine yaliyoongezwa katikati ikawa 66. Na hapa njo nataka ushike vizuri: ile hesabu ya 61 waliifikia kwa foto za Sentinel-2, sateliti za Ulaya, na foto za Sentinel-2 ni bure kwa kila mtu duniani, wewe na mimi ndani. Foto ile ile mtaalamu wa Cambridge anafungua asubuhi, wewe unaifungua hapa jioni umeme ukirudi.

Nalinganisha na kitu tunakijua. Watu wanaohesabu gorila kwenye milima ya Virunga hawakutani na kila gorila uso kwa uso, wanafuata njia yao, wanahesabu viota vya usiku, wanachukua mavi yapelekwe laboratware wasome DNA, na njo vile hesabu ya 2015 na 2016 ilitoa gorila 604 kwa Virunga nzima ya nchi tatu. Kwa hiyo mtu akikucheka eti unatafuta mavi ya ndege kwenye telefone, mwache, hajui tu sayansi ya wanyama inavyofanyika.

Bon, tuanze kazi.

Telefone inaweza, lakini mashini ni bora, juu ekra kubwa inaonyesha doa dogo ambalo kwa telefone litakupita. Unaenda kwenye Copernicus Browser, tovuti ya kuangalia foto za Sentinel-2, unafungua konti kwa adresi yako ya barua pepe, hailipishwi, na bila konti unaweza kuangalia lakini kupakua foto nzuri itakukatalia. Mega zitakwenda, nisikudanganye. Kinachokula mega ni kuvuta ramani huku na huku ukitafuta tafuta, kila ukisogea inaleta vipande vipya, kwa hiyo andika namba za fasi (latitudo kwanza, kisha longitudo) kwanza kwenye kile kisanduku cha kutafuta, ikupeleke moja kwa moja, ndipo ufungue foto. Wenye forfe ya usiku fanyeni usiku. Na kila foto nzuri ukiipata ichukue kapture ao uipakue hapo hapo, juu koneksioni yetu mnaijua.

Usiende Antaktika siku ya kwanza. Anza hapa nyumbani, na hii siisemi kwa mchezo, ni mazoezi ya lazima. Andika -1.52, 29.25, hapo ni Nyiragongo. Tafuta siku isiyo na mawingu (mwezi wa sita mpaka wa munane njo utapata bahati, miezi ingine mlima unajificha), angalia mdomo wa mlima, kisha shuka chini upande wa Buhene. Chagua foto moja ya kabla ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 na ingine ya nyuma yake, uziweke pamoja kwa ile sehemu ya kulinganisha, utaona ule ulimi mweusi wa lava umeshuka kuelekea mji. Wewe unajua mahali lava ilisimama, umepita hapo na miguu ao na motari, kwa hiyo unaweza kujua kama jicho lako linasoma foto vizuri ao linajidanganya. Pima urefu wa ule ulimi kwa kile chombo cha kupimia. Badilisha tarehe. Weka alama ya kuhifadhi fasi. Vile vidole vikishazoea, Antaktika haitakusumbua. Nawaambia hivi juu watu wengi wanarukia barafu moja kwa moja, wanaona weupe mtupu, wanafunga, wanasema haifanyi kazi.

Kisha majira. Huku kwetu jua linatoka kila siku saa ile ile, kule mwezi wa sita kusini kabisa ni giza, na Sentinel-2 inapiga foto kwa mwanga wa jua sawa kamera ya kawaida, kwa hiyo usitafute pengwini mwezi wa sita, hutapata foto. Wakati mzuri ni toka mwisho wa mwezi wa kenda mpaka mwezi wa kumi na moja. Mwanga umerudi, doa limeshakomaa, barafu bado imeshikamana. Nyuma ya hapo barafu inavunjika na doa linaondoka nayo baharini.

Fasi za kuanzia, chukua makundi yanayojulikana tayari, kubwa, usianze kwa kutafuta jipya. Cape Washington karibu -74.6, 165.4. Coulman Island karibu -73.3, 169.6. Snow Hill karibu -64.5, -57.4, hili njo la kaskazini kuliko yote. Atka Bay karibu -70.6, -8.1, hapa napapenda sana juu kuna stesheni ya Wajerumani, Neumayer III, watafiti wako chini wanaona ndege kwa macho, kwa hiyo kile unachosoma angani kinaweza kulinganishwa na walichoandika wao. Usisahau ile alama ya kutoa, ukiisahau utajikuta kaskazini ya dunia upande ambao hakuna pengwini hata mmoja. Na usitegemee doa likae katikati ya ekra, kundi linahama kidogo kila mwaka na hata ndani ya mwaka mmoja, zunguka kilometa kadhaa pande zote.

Kitu cha kwanza utaona ni weupe unaoumiza macho. Theluji inarudisha mwanga mwingi sana na rangi ya kawaida ya foto, ile inaitwa True Color, inachoma kila kitu. Kuna layer ingine imeandikwa Highlight Optimized Natural Color, hiyo inatuliza weupe, ama nenda kwenye sehemu ya efekti upunguze mwanga kidogo kidogo mpaka uanze kuona mikunjo ya barafu. Kama foto za L2A (zile zimesahihishwa athari ya hewa) hazitokei kwa fasi hiyo, badilisha uchague L1C (zile hazijasahihishwa). Na mawingu, aksha, wingu jeupe juu ya barafu nyeupe inakuwa kazi, unalijua kwa kivuli chake na kwa vile limefunika mistari ya barafu chini yake.

Sasa doa lenyewe. Tafuta barafu iliyoshikamana na bara, laini, tambarare, kisha angalia karibu na milima ya barafu iliyokwama humo ao chini ya ukuta wa barafu, juu ndege wanajikinga na upepo. Doa ni la kahawia, wakati mwingine linavuta kwenye wekundu kidogo, halina umbo la kunyooka, liko sawa mtu amemwaga chai na ikasambaa. Kila kidoti cha foto ya Sentinel-2 ni meta 10 kwa meta 10, pengwini ana urefu wa kama meta moja na kidogo, kwa hiyo kundi kubwa litakupa doa la kuonekana vizuri na kundi dogo litakupa vidoti vichache tu, unaweza kuvipita mara tatu bila kuviona.

Na hapa njo kazi inakuwa ngumu, njo fasi ya kukaa sana, juu vitu vya kudanganya ni vingi. Kivuli ni cha kwanza: kivuli kina rangi ya bluu ao kijivu, na kwenye foto moja vivuli vyote vinalala upande mmoja, kwa hiyo kama doa lako liko upande ule ule wa mlima wa barafu sawa vivuli vingine vyote, tia shaka. Vumbi na mawe: karibu na miamba upepo unabeba udongo unaupaka juu ya barafu, ni kahawia kweli kweli, lakini utaukuta hapo hapo mwaka huu, mwaka uliopita, mwaka wa nyuma, hausogei. Mwani: kuna mimea midogo sana inaota ndani ya barafu ya bahari na kwenye kingo zake, inatia rangi pia, lakini inakaa ukingoni na kwenye vipande vilivyovunjika, pengwini kwa kawaida wako ndani zaidi ambako barafu ni imara.

Namna ya kuondoa shaka ni moja tu, fungua tarehe nyingi. Sateliti hizi zinarudi fasi moja karibu kila siku 5, na karibu na ncha ya dunia njia zao zinakaribiana kwa hiyo unaweza kupata foto zaidi. Doa la pengwini lina maisha: linaanza hafifu, linakolea toka mwezi wa kenda kwenda wa kumi na moja, dhoruba ikipiga theluji inalifunika, kisha linatokea tena pembeni kidogo juu ndege wamesogea kwenye barafu safi, na mwisho linaondoka na barafu. Jiwe halifanyi vile. Kivuli hakifanyi vile. Ukiona kitu kinaishi namna hiyo miaka miwili ao mitatu mfululizo fasi ile ile, hapo unaweza kuanza kuamini macho yako.

Chukua kaye, ao ukurasa wa hesabu kwenye mashini, na kwa kila foto uliyofungua andika fasi, tarehe ya foto, sateliti gani, mawingu kiasi gani, doa lipo ao halipo ao huna hakika, urefu na upana wake, na umbali toka doa mpaka maji ya wazi. Umbali upime na kile chombo, usikadirie kwa jicho, juu ramani hizi za intaneti zinavuta vitu vya karibu na ncha: kwenye latitudo 60 kila kitu kinaonekana mara mbili urefu wake, kwenye 75 karibu mara ine. Na tafadhali, mwanafunzi, andika hata siku ambayo hukuona kitu. Hii nasema kwa moyo wote juu njo inatofautisha mtu anayeangalia picha na mtu anayefanya utafiti. Ukiandika paka siku ulizoona doa, kesho hakuna atakayejua kama siku zingine ndege hawakuwepo ao wewe hukuangalia.

Bora muwe wawili. Kila mmoja aangalie foto zile zile peke yake, aandike kwenye kaye yake bila kumwambia mwenzake, kisha mlinganishe. Mahali mmeandika tofauti njo mahali pa kujifunza, rudini pamoja mfungue foto mbishane. Hii naiona ina faida kuliko mafunzo yoyote ya video.

Sasa uulize swali gani? Usiulize pengwini ni wangapi. Kwa foto za meta 10 huwezi kuhesabu ndege, wale wanaohesabu wanatumia foto za kulipia zinazoona vitu vya chini ya meta moja, na bado wanarekebisha hesabu kwa kulinganisha na watu walio chini. Swali lako liwe juu ya barafu na doa. Barafu ya Atka Bay inavunjika tarehe gani kila mwaka toka 2016? Wakati inavunjika, doa lilikuwa bado lipo? Hili ni swali unaweza kulijibu ukiwa Goma, na ni swali zito kuliko linavyoonekana.

Angalia Halley Bay, karibu -75.5, -27.4. Lilikuwa kundi la pili kwa ukubwa duniani. Mwezi wa kumi 2016 barafu ikavunjika kabla ya wakati, watoto bado wana manyoya ya kitoto yasiyozuia maji, wakapotea karibu wote, na 2017 na 2018 ikawa vile vile, hawakulea kitu. Wengine walihamia Dawson-Lambton, karibu kilometa 55 kusini, kundi la pale likaongezeka zaidi ya mara kumi. Kisha mwaka 2022 upande wa bahari ya Bellingshausen, kati ya makundi matano yanayojulikana pale, mane hayakuokoa watoto juu barafu iliondoka mapema. Watafiti waliiona hiyo kwa njia gani? Kwa foto za sateliti, doa lilikuwepo mwezi wa kumi, kisha maji. Mwaka huo huo Marekani ikamuandika pengwini kaizari kwenye orodha yake ya wanyama walio hatarini. Mimi hizi foto za 2022 zinaniuma kuziangalia, na bado nakushauri uziangalie, tarehe moja kwa moja, juu utaelewa ndani ya dakika chache kitu ambacho maandishi mengi hayakueleweshi.

Kwa kujua tarehe ya kuvunjika barafu, kuna chombo kingine kinakula mega kidogo, Worldview ya NASA, nayo bure. Inaonyesha dunia nzima kila siku toka mwaka 2000, haioni vizuri sana, kidoti kimoja ni meta 250, doa la pengwini hutaliona humo, lakini barafu inayovunjika utaiona wazi, na ina ramani maalum ya Antaktika isiyovuta vitu. Mimi nafanyaka hivi: Worldview kwanza, natafuta siku isiyo na mawingu, naandika tarehe, kisha naenda Sentinel-2 kwa tarehe hiyo tu. Mega zinabaki. Na wanaotaka kurudi nyuma zaidi ya 2015, foto za Landsat, hata za miaka ya zamani sana, zilifanywa bure mwaka 2008, kidoti ni meta 30.

Kwa wale wanaoandika TFC ao memware kwenye jiografia, biolojia ao mazingira, hii inaweza kuwa kazi nzima, ila zungumza na mwongozaji wako mapema, mwonyeshe foto, usimletee maneno matupu. Wengine watakuambia chagua mada ya hapa, Kivu ao Virunga, na wana haki ya kusema vile, kazi hapa ni nyingi. Jibu langu ni kwamba namna ya kufanya ni ile ile: atakayejua kusoma doa kwenye barafu atajua kusoma msitu unaokatwa Masisi na lava inayoshuka Nyiragongo.

Ukiona doa ambalo haliko kwenye orodha, usikimbie kutangaza kwenye magurupe. Fungua kwanza MAPPPD, ramani ya bure inayoonyesha makundi ya pengwini yanayojulikana, angalia kama ni kundi la zamani ao la aina ingine. Adélie, pengwini wa aina ingine, nao wanaacha doa, lakini wao wanazalia juu ya ardhi na mawe, siyo juu ya bahari iliyoganda. Ukithibitisha miaka kadhaa, weka foto zako, tarehe, namba za fasi, uandikie watafiti kwa heshima na kwa ufupi.

Na kama una telefone tu na mega za kuhesabu, usikae nje. Kwenye Zooniverse, tovuti ambako watu wa kawaida wanasaidia watafiti, kuna Penguin Watch, toka 2014, watu wa kawaida wanaweka alama juu ya pengwini wakubwa, watoto na mayai kwenye foto za kamera zilizowekwa kule. WWF na British Antarctic Survey walianzisha 2021 kazi ya kutafuta walrasi, wanyama wakubwa wa bahari ya baridi ya kaskazini, kwenye foto za sateliti. Na sili wa Weddell, wanyama wa bahari wanaopumzika juu ya barafu, walihesabiwa Antaktika nzima, matokeo yakatoka 2021, kwa msaada wa watu wa kujitolea zaidi ya 300,000 waliokaa nyumbani kwao wakichunguza foto za barafu.

Kama unasoma hii katikati ya mwaka, uko wakati mzuri: tumia kiangazi chetu kufanya mazoezi juu ya Nyiragongo, chagua makundi matatu, jaza kaye yako kwa foto za miaka iliyopita, na mwenzako ajaze yake, ili mwezi wa kenda jua likirudi kule muwe mmeshajua barafu ya kila fasi inaonekanaka namna gani kabla foto za kwanza hazijafika.